PS2 ya mtumba Arusha: soma stika kabla hujatoa hela

Kwa anayetaka kucheza gemu za zamani kwenye mashine yenyewe, PlayStation 2 ndiyo ya kutafuta. Ilitoka Japani Machi 2000, na bado gemu ya mpira ya PES 2014 ilitolewa kwa ajili yake mwaka 2013. Arusha utaikuta kwenye fremu za Stendi Ndogo, na kwa Moshi pita Mbuyuni. Muuzaji atakuonyesha plastiki iliyong'arishwa. Wewe igeuze, usome stika.

Tafuta namba inayoanza na SCPH. Tarakimu ya mwisho inataja soko: 3 na 4 ni Ulaya, 1 ni Marekani, 0 ni Japani. PS2 nene ya Marekani imeandikwa 120 V na ya Japani 100 V. Umeme wetu ni 230 V, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja ukutani unaunguza pawasaplai. Slimu, yaani PS2 nyembamba, za namba 70000 hadi 79000 hutumia adapta ya nje ya 8.5 V, na hapo kuna mtego mwingine: adapta halisi ikipotea, mtu anaunga waya wa adapta ya 12 V na mashine inawaka vizuri tu mbele yako, huku bodi inaumia. Adapta yenye kiungo cha selotepu ikatae.

Slimu za mwanzo, 70000 hadi 77000, zina ugonjwa unaojulikana wa kuunguza lenzi. Koili inayoiongoza lenzi hupitisha umeme uliozidi, nayo inakatika. Fundi akibadilisha lenzi bila kugusa chanzo kilichoko kwenye bodi, hata lenzi mpya itaungua. Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni 79003 au 79004 yenye adapta yake.

Dukani omba ijaribiwe kwa diski mbili. Gemu za PS2 zilizoko kwenye CD zina mgongo wa bluu, za DVD ni za rangi ya fedha, na mashine husoma kila aina kwa mwanga wake. Lenzi iliyochoka inaweza kusoma moja na kukataa nyingine. Iache icheze nusu saa, si dakika mbili. Vumbi jepesi la kiangazi hapa Arusha huingia kirahisi kwenye slimu kwa sababu mfuniko wake unafunguka juu, lenzi ikiwa wazi kabisa. Pamba yenye spiriti safi inatosha kuisafisha. Fundi anayekimbilia kuongeza nguvu ya lenzi kwa bisibisi anakupa nafuu ya muda, kisha lenzi inakufa mapema zaidi.

Padi inastahili uvumilivu. DualShock 2 halisi ikianza kujibonyeza yenyewe, au kitufe cha L1 kikagoma, watu huitupa na kununua feki. Ni hasara kubwa! Ndani kuna karatasi ya plastiki yenye njia za umeme, inayokandamizwa kwenye bodi na kipande kidogo cha sponji. Miaka ikipita sponji inalala, mgusano unalegea. Ifungue, weka mikunjo miwili au mitatu ya selotepu ya umeme chini ya sponji, funga. Feki nyingi hazipimi nguvu ya kidole kwenye vitufe, na hilo utalihisi kwenye gemu zinazotumia kipimo hicho.

Kuhusu kucheza kwa flashi, wauzaji wanaahidi kuliko mashine inavyoweza. Free McBoot, programu ya kuiruhusu mashine ifungue programu nyingine, huwekwa kwenye memori kadi, kisha OPL, programu ya kufungulia gemu, inazifungua kutoka kwenye flashi. Inafanya kazi, lakini tundu la USB la PS2 ni la 1.1, linalopitisha takriban MB 1 kwa sekunde, wakati DVD yake hufikia kama MB 5. PES 6 inakwenda bila shida. God of War II utaona video zikikwamakwama, na hakuna flashi ya bei mbaya itakayoponya hilo. Anayezitaka gemu nzito atafute PS2 nene ya 50004 na adapta yake ya mtandao, ili afunge hadi hard disk ndani.

Kufomati flashi kwa mfumo wa FAT32 ndiyo salama kwa kila toleo la OPL. Faili linalozidi GB 4 likatwe kwa programu ya USBUtil. Mengine yaweke kwenye folda iitwayo DVD, au CD kwa gemu za CD. Nakili moja baada ya jingine kwenye flashi iliyofomatiwa upya. Ukifuta gemu na kuweka nyingine juu yake, vipande vya faili hutawanyika na OPL inakataa kulifungua. Pia 90000 za mwisho, zenye BIOS (programu ya ndani ya mashine) 2.30, hazipokei Free McBoot. Hizo zinataka Fortuna, programu mbadala wake.

Kwa picha, TV ya chogo bado ndiyo bora. Kwenye TV bapa, kikonvata cha HDMI kinafaa ukibadili kwanza mpangilio wa rangi wa PS2 kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr, na ukawasha hali ya gemu kwenye TV ili vitufe visichelewe.

Memori kadi chukua ya MB 8 ya Sony, hata iliyotumika. Zile feki zilizoandikwa MB 64 au 128 hupoteza seivu, na Master League ya PES uliyocheza msimu mzima inapotea nazo.