Kozi ya Kiingereza kupitia majengo na historia ya miji mikubwa: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Kozi hii inauzwa mtandaoni. Ina masomo 24 ya kusikiliza, kila moja kama dakika 12, na kijitabu cha kurasa 96. Miji ni minane, masomo matatu kila mji: London, Edinburgh, New York, Chicago, Washington, Sydney, Paris na Berlin. Nimeipitia yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na vijana watano waliomaliza kidato cha nne na wanaojiandaa kuongoza wageni Mikindani na Kilwa. Hukumu yangu ni hii: kwa kufundisha mtu aeleze kitu kilichotendwa, lini na na nani, sijaona kozi inayoizidi. Kwa matamshi ni mbovu, ukiitumia kama walivyoelekeza.

Jengo halina mambo mengi ya kusimuliwa. Lilijengwa, liliungua, likajengwa upya, likafunguliwa, likauzwa. Vitenzi hivyo ishirini au thelathini vinarudi katika kila somo, mji hadi mji, mpaka vinazoeleka mdomoni bila kukariri. Na kwetu sisi kuna bahati ya ziada ambayo walioandika kijitabu hawakuiona: Kiswahili tayari kina mwisho wa "-wa". "Lilijengwa" ni "was built", "lilifunguliwa" ni "was opened". Kazi ni kuhamisha tu.

Tatizo huanza pale ambapo hapana "-wa". Chukua somo la 2, London ya mwaka 1666. Moto ulianza tarehe 2 Septemba kwenye tanuri la mwoka mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Upepo wa mashariki ukausukuma kwenye nyumba za mbao zilizobanana, zikateketea nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Aliyewahi kuona paa la makuti likishika moto siku ya kusi kali hahitaji picha. Hakuna anayechanganya "kikombe kimevunjika" na "kikombe kimevunjwa" kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi akifika kwenye Kiingereza kila kitenzi anakitilia "was". Atasema "the fire was started in a bakery", na msikilizaji ataanza kuuliza ni nani aliyeuwasha. Sahihi kwa maana tunayoitaka ni "the fire started in a bakery". Kijitabu hakilielezi hili popote. Dawa niliyoiona inafanya kazi: kabla ya kusikiliza, andika pembeni kitenzi cha Kiswahili. Kikiishia na "-wa" ya kutendwa, weka "was" au "were". Kikiwa cha aina ya kuanza, kuungua, kuanguka au kuvunjika, usiweke.

Jambo jingine ni ile "ka" yetu ya mfuatano. Daraja la London la mwaka 1831 liliuzwa mwaka 1968 kwa tajiri wa Marekani, likafumuliwa jiwe kwa jiwe, likasafirishwa, likajengwa upya Lake Havasu City, Arizona, na kufunguliwa mwaka 1971. Wanafunzi wote watano waliandika "was" mara nne mfululizo. Kiingereza hakitaki hivyo. "Was" inatajwa mara moja, kisha vitenzi vinafuatana: "It was sold, taken apart, shipped and rebuilt." Yaani palipo na "ka", "was" inadondoka. Nilipolieleza kwa namna hiyo, makosa yalikwisha siku hiyohiyo, jambo ambalo maelezo ya kijitabu yenye kurasa mbili yalishindwa kulifanya.

"Na" yetu nayo ni mtego. Ina kazi ya "and", ya "with" na ya "by", hivyo mwanafunzi anaandika "St Paul's was built with Christopher Wren" kana kwamba Wren, aliyelisanifu kanisa hilo la London, alikuwa msaidizi wa fundi. Mtendaji huchukua "by". Kifaa, yaani "kwa nyundo", huchukua "with". Kitu kinachojengewa, "kwa mawe", huchukua "of". Halafu tarehe: sisi husema "mwaka 1677" bila kihusishi chochote, kwa hiyo "in" inasahaulika. Mwaka ni "in", siku ni "on": "in 1666", "on 2 September".

Kusoma miaka kuna somo lake, la 4, na ni zuri. Mwaka hukatwa vipande viwili: 1886, mwaka ilipozinduliwa Sanamu ya Uhuru ya New York, ni "eighteen eighty-six". 1900, mwaka mto wa Chicago ulipogeuzwa utiririke kinyume, ni "nineteen hundred". 2012 wengi husema "twenty twelve". Vijana huteleza kwenye 13 na 30, 14 na 40, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo "thirteen" inatoka kama "thirty". Somo halisemi, lakini uvute silabi ya mwisho: thar-TIIN.

Sasa ubovu. Kila somo lina sauti mbili, ya kawaida na ya polepole, na maelekezo yanasema uanze na ya polepole. Usifanye hivyo. Hiyo ya polepole haikusomwa na mtu kwa utulivu. Ni sauti ileile iliyovutwa kwa mashine. Kiingereza hutofautisha irabu fupi na ndefu, "hill" na "heel", "ship" na "sheep", na sisi hatuna tofauti hiyo kwenye irabu zetu tano. Mashine ikivuta, fupi inakuwa ndefu: "built" inasikika "biilt", "bridge" inasikika "briij". Mwanafunzi anakariri kosa kwa bidii. Tumia sauti ya kawaida, isimamishe kila baada ya sentensi, rudia mara tatu, kisha endelea. Dakika 12 zitakuwa kama 40, sawa tu.

Kosa jingine la mdomo ni letu wenyewe. Tunaongeza irabu mwishoni: "briji", "bilti". Hapa kozi inasaidia bila kukusudia, maana karibu kila sentensi yake ina "in" baada ya kitenzi. Unganisha konsonanti ya mwisho na neno linalofuata: "built in" itamke "bil-tin", "opened in" itamke "open-din". Irabu ya ziada haipati pa kukaa. Anayetamka vizuri "thelathini" na "dhahabu" anazo tayari sauti mbili za "th". Anayesema "selasini" na "zahabu" aanze kurekebisha Kiswahili chake kwanza. Majina ya mahali hayafuati kanuni yoyote, kariri tu: Thames ni "Temz", Greenwich ni "Grenich", Southwark ni "Sadhak", Edinburgh ni "Edinbra".

Kuhusu "the" kijitabu kina jedwali linalochosha. Vijana wangu walishika zaidi mifano kuliko kanuni. Mto lazima: "the Thames". Jina lenye "of" lazima: "the Tower of London", "the Statue of Liberty". Jina linaloishia na "Building" huchukua pia: "the Empire State Building". Kanisa halichukui: "Westminster Abbey", "St Paul's Cathedral". Madaraja ni vurugu, kwa sababu "Tower Bridge" haina lakini "the Brooklyn Bridge" inayo. Mtihani wa mwisho wa kozi unapenda sana hilo la madaraja.

Masomo ya Chicago ndiyo bora kuliko yote kwa mtu anayetaka kuongoza wageni, kwa sababu yanafundisha kusema uvumi bila kuuapia. Moto wa Oktoba 1871 inasemekana ulianza baada ya ng'ombe wa Bi O'Leary kuipiga teke taa. Halikuthibitishwa, na mwaka 1997 baraza la mji lilimwondolea lawama rasmi. "Inasemekana" ni "it is said that", au "a cow is said to have kicked over a lamp". Kilwa Kisiwani, ambako nusu ya masimulizi ni "wazee wanasema", bila sentensi hiyo utajikuta unawaapia wageni hadithi.

Sydney na Paris nimezipitia haraka. Paris ina mazoezi mazuri ya kulinganisha: nguzo ya Washington ilikuwa ndefu kuliko majengo yote duniani kuanzia 1884 hadi mnara wa Eiffel ulipokamilika 1889. Sydney imejaa majina, maelezo hamna.

Vipimo vyote vimetolewa kwa futi. Zidisha kwa 0.3 upate mita kwa makadirio: Monument ya London, ukumbusho wa ule moto, ni futi 202, yaani kama mita 61, na ndio umbali wake hadi lilipokuwa tanuri. Ngazi zake ni 311. Ghorofa nazo ziangalie: Uingereza huhesabu kama sisi, ya chini ni "ground floor" na ya juu yake ndiyo "first floor". Marekani ya chini ndiyo "first floor". Anayesoma sauti za kozi ni Mwingereza hata kwenye New York, kwa hiyo masikio hayatauzoea Umarekani.

Kuna makosa mawili ya wazi. Picha iliyoandikwa "London Bridge" ni ya Tower Bridge, lile la minara miwili lililofunguliwa 1894. Na mnara wa saa wa Bunge la Uingereza wameuita Big Ben. Big Ben ni kengele, mnara unaitwa Elizabeth Tower tangu 2012. Mgeni kutoka Uingereza atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi.

Upande wa matumizi: sauti zote ni kama MB 270, zinashuka vizuri kwa bando la usiku. Video achana nazo, zinamaliza bando na hazina kisichomo kwenye sauti. Ukishashusha, weka kwenye memori kadi maana programu yao inadai intaneti kila ukiifungua. Malipo ni kwa kadi tu, ila ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma ya pesa za simu ilikubalika. Kijitabu chapisha kurasa mbili kwa upande mmoja wa karatasi, pande zote mbili, zitatosha karatasi 24. Ramani zinategemea rangi, na kopi nyeusi ya stesheneri inafuta njia nyekundu ya matembezi. Ipitishe kwa biki nyekundu kabla hujaanza somo.

Kitu ambacho kozi haina, na bila hicho vijana walikwama kwenye wiki ya tatu, ni jengo la kusimama mbele yake. Kila somo tulilihamishia kwetu: "The Old Boma in Mikindani was built by the Germans in 1895." Sentensi kumi kwa sauti, umesimama nje ya ukuta wenyewe. Somo la Westminster Abbey linamtaja David Livingstone aliyezikwa humo mwaka 1874, bila kusema kuwa safari yake ya mwisho aliianzia Mikindani mwaka 1866. Jiwe la kaburi lake limeandikwa "Brought by faithful hands over land and sea". Ni umbo lilelile la kutendwa, "was" imeachwa, na "by" ipo. Ila hiyo mikono miaminifu haina majina. Vijana waliongeza wenyewe majina ya watumishi wake walioubeba mwili hadi pwani: "by Chuma and Susi".

Somo la mwisho, Berlin, linaingia Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na mazingira asilia, na kusimama mbele ya mifupa ya dinosaria yenye kimo cha mita 13.27. Kijitabu kinasema "The bones were found in East Africa" basi. Mifupa hiyo ni ya Tendaguru, mkoani Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, msimamizi wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zoezi la kufunga kozi nililibadilisha: chukua sentensi hiyo, weka mahali, weka mwaka, weka "by". Aliyeandika vizuri kuliko wote alipata hii: "The bones were dug up in Tendaguru between 1909 and 1913 by Boheti bin Amrani and his men, carried to Lindi and shipped to Berlin."