Tela za kukodi za ekseli tatu: bei nafuu, brek za kubahatisha

Kwa mwenye hosi (kichwa cha lori) asiye na tela, huduma ya kukodi tela tupu Dar es Salaam inaokoa sana: unachukua flatibedi (tela bapa) leo, kesho unapakia mzigo wa Tunduma. Ubaya wake ni kwamba tela hizi zinapita mikono mingi na hakuna anayezipiga grisi. Mwenye mali anasubiri iharibike, dereva anajua wiki ijayo atakuwa na nyingine. Tunazipendekeza, ila kwa sharti la kuzikagua kama mtu anayenunua.

Anza chini ya tela, nyuma ya mabusta (makopo ya upepo yanayosukuma brek). Busta ya springi ina springi kali inayozuiwa na upepo. Upepo ukiisha, springi inafunga brek. Diafram (mpira wa ndani ya busta) ikitoboka njiani, fundi huivuta springi kwa boliti ndefu ya mgongoni ili gurudumu liachie. Kama msaada wa kufika gereji, sawa. Lakini boliti hiyo huachwa miezi. Ukiikuta imechomoza, gurudumu hilo halina brek ya dharura wala ya kuegeshea. (Tela nyingi zina busta za springi kwenye ekseli mbili tu, kwa hiyo busta fupi isiyo na springi kwenye ekseli iliyobaki si ubovu.) Kibaya zaidi ni paipu ya upepo iliyokunjwa na kufungwa waya: busta hiyo haifanyi kazi kabisa, na kazi yake wamebebeshwa wenzake. Kwenye tambarare hutagundua. Utagundua mteremko wa Mbalizi, au Kitonga wakati wa kurudi, dramu za brek zilizobaki zinapochemka na laini zinazozibana kuanza kuteleza.

Kipimo chenyewe hakichukui nusu saa. Weka vigingi kwenye magurudumu, unga paipu za upepo, nyekundu na ya njano, jaza upepo mpaka bar 7 au 8, achia brek ya kuegeshea, zima injini. Utingo akanyage brek na kushikilia dakika moja. Geji ikishuka zaidi ya bar 0.3 kuna mvujo, utafute kwa maji ya sabuni. Kisha piga alama ya chaki kwenye fimbo ya busta pale inapotokea, akanyage tena, upime ilivyosogea. Kwa busta ya saizi 30 ya kawaida, mwisho ni milimita 50. Ikizidi, slaki (wenzo unaounganisha fimbo ya busta na brek) ya mkono inakazwa hivi: achia brek, bonyeza kola ya nati, zungusha mpaka viatu vya brek viguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu ya mzunguko. Slaki ya otomatiki usiikaze kila mara. Ikilegea tena na tena, tafuta bushi za kemu (shafti inayotanua viatu) zilizolika au slaki yenyewe iliyokufa.

Kingpini (pini ya chini ya tela inayoshikwa na hosi) ya inchi 2 ina milimita 50.8 ikiwa mpya. Chini ya 49 ikataliwe. Futa grisi yote kabla ya kupima, maana grisi nyingi huficha ufa. Ukishaunga, chungulia kwa tochi: taya za hosi zimeizunguka shingo ya pini, na sahani ya hosi na ya tela hazina mwanya kati yake. Halafu funga brek za tela na uvute taratibu kwa gia ndogo, uone kama pini inashika.

Kwenye habu (kitovu cha gurudumu), alama ya mafuta upande wa ndani wa gurudumu maana yake sili imekwisha, na grisi ikifika kwenye laini brek imeondoka. Baada ya kilomita 30 hivi simama upeleke mgongo wa mkono karibu na kila habu. Moja ikiwa na joto kuliko zote, ni beringi au brek inayong'ang'ania.

Tela inayotembea upande inakula tairi, na kawaida wa kulaumiwa ni yubolti (boliti zinazobana ekseli kwenye springi) zilizolegea au senta boliti (ya katikati ya springi) iliyokatika. Pima kwa futi ya chuma kutoka kingpini hadi ncha zote mbili za ekseli ya kwanza. Tofauti ikizidi milimita 3, irudishwe yadi.

Mitumba ya Ulaya yenye tairi pana moja moja na brek za EBS (za upepo zinazoongozwa kwa umeme) ni imara, ila uwe na kebo yake ya pini 7. Bila kebo brek zinashika kwa upepo tu: ABS (kinga ya magurudumu kufunga) haipo, brek hazijipimi kulingana na mzigo, na tela tupu kwenye mvua inafunga magurudumu. Kwenye mizani pia, kikomo cha tani 24 kwa ekseli tatu ni cha tairi mbilimbili. Tairi pana hupewa kikomo cha chini ya hapo, kwa hiyo uliza kabla ya kupakia.

Sehemu dhaifu kuliko zote ya huduma hii ni fomu ya makabidhiano. Huandikwa "tela nzima", basi. Andika mwenyewe namba ya kila tairi, unene wa laini na hali ya kila busta, piga picha, na karani asaini kabla hujatoka getini. Akisema brek utazirekebisha njiani, mwambie akupe nyingine iliyopo yadi.