Kuku wa Mji wa Kale na mgeni aliyetarajia mayai

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilimpeleka mgeni wetu kutoka Iran, mfanyabiashara wa majani chai, kula chakula cha mchana katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale ambao humsifia kila anayeniuliza pa kula hapa Mombasa. Chakula chake bado nakisifu. Lililonifanya niandike ni menyu, ambayo imeandikwa neno moja tu, “Kuku”, na bei ya shilingi 700, bila kueleza kama ni wa kupaka, wa kukaanga au wa mchuzi.

Mgeni alilisoma neno hilo, uso ukamchangamka, akaagiza. Kwa Kiajemi, kuku ni mayai yaliyopigwa pamoja na giligilani, vitunguu vya majani na majani mengine mabichi, yakakaangwa mpaka yakashikana, kisha yakakatwa vipande. Kwao huandaliwa hasa wakati wa Nauruzi, ambayo wazee wetu wa pwani huiita Nairuzi. Alicholetewa ni paja lenye madoa meusi ya makaa, limepakwa tui zito lenye bizari, na kipande cha ndimu kando. Aliligeuza kwa uma, akatazama chini yake, akaniuliza kwa upole mayai yako wapi.

Jirani yetu wa meza ya pili alishikilia kwamba neno hili tumelipata kwa Waajemi, kama tulivyopata sambusa, achari na bandari. Kwa hayo matatu alisema kweli, lakini kuku ni wetu wa asili: Wakikuyu husema ngũkũ, Wazulu inkukhu, na Washona huku, wala hakuna jahazi la Uajemi lililowafikishia wote hao neno moja. Sauti zimekutana kwa bahati tu, kama zilivyokutana kwa Wajapani, ambao kuku yao ni jedwali la kuzidisha wanalokariri watoto mpaka tisa mara tisa, kwa kuwa “ku” ni tisa. Na kwa Wamaori wa Nyuzilandi, ambao kuku wao ni kome wa baharini.

Mhudumu hakucheka wala hakununa. Alisema, “Tuwie radhi, mzee wangu,” akataka kuirudisha sahani jikoni, lakini mgeni alikwisha kuonja. Alikula paja lote, akaomba tui la kuongeza achovyee chapati, na aliongezewa bila malipo.

Kwa upishi na adabu sina la kulaumu. Kwa menyu, mji wa bandari unaopokea watu wa kila lugha unastahili maelezo zaidi, na kabla ya kuondoka nilimwachia mwenye mkahawa karatasi yenye maneno ya kuongeza: “Kuku wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa na kupakwa tui la nazi.” Ameahidi kuyachapisha.