Ziara ya Fatehpur Sikri: niliuliza habari za shamba, nikachekwa

Si kawaida yangu kuandika maoni, ila hii imenikaa kooni. Mwaka juzi hivi, karibu na Pasaka, nilimsindikiza mama Delhi kwa matibabu. Tukapata siku moja ya nafasi, nikalipia ziara ya Agra na Fatehpur Sikri. Tangazo lilisema "maisha ya watu wa Dola la Mughal", wale wafalme waliotawala India zamani. Watu. Nikajua na wakulima wamo.

Njia nzima ngano imekauka, inangoja mundu. Mwongoza watalii wetu hata dirishani haangalii. Yeye ni masuria na vito tu. Mimi mtoto wa mkulima wa Dumila nikauliza kwa adabu: hii ndiyo rabi ya enzi za mfalme wao Akbar? Maana misimu yao ilikuwa miwili. Kharif hupandwa mvua za Juni zikianguka: mpunga, mtama, pamba. Rabi ni ngano, shayiri na dengu, hupandwa baridi ikikaribia, huvunwa Machi na Aprili. Kama sisi na vuli na masika. Jamaa akawageukia wenzangu: "Huyu kaja kununua shamba." Basi zima kicheko.

Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya dereva.

Halafu tukapelekwa duka la marumaru (lazima!). Nikagoma kuingia, tukabaki wawili barazani, mimi na yule mwongoza watalii. Labda aliona bahashishi inamponyoka, sijui, lakini akaanza kueleza. Kwamba wapimaji wa Akbar walitumia kamba ya katani. Asubuhi imelowa umande, imenywea, shamba linahesabika kubwa kuliko lilivyo na mkulima analipia ardhi asiyokuwa nayo. Mchana imekauka, imerefuka, sasa hazina ndiyo inapunjwa. Wajanja waliilowesha makusudi! Ndipo zikaletwa fito za mianzi zilizoungwa kwa pete za chuma. Mwaka 1580 Todar Mal, waziri wa Akbar, akapiga wastani wa mavuno na bei za miaka 10, theluthi ikawa ya mfalme, na hiyo theluthi ilitakiwa fedha, si gunia. Kwa hiyo unauza wakati kila mtu anauza, bei iko chini.

Nikamkumbuka baba na madalali wa lumbesa, nikanyamaza kabisa.

Kumbe anajua! Hapo hasira ikarudi upya: mambo yote haya, na basi zima likalishwa masuria?

Mama aliponiuliza nimeona nini, nilimsimulia kamba. Majumba siyakumbuki vizuri. Nyota tatu, basi. Mbili, nikikikumbuka kile kicheko.