Lojiki analaiza ya USB chaneli 8: laptop inakuonyesha kinachopita kwenye waya

Mambo vipi wadau, leo tuko hapahapa Dodoma na nina hiki kidude kimeandikwa 24MHz 8CH, unakichomeka USB kwenye laptop ya kawaida kabisa, ndani kina chipu ya Cypress CY7C68013A, kazi ya kuchambua inafanywa na kompyuta yenyewe kwa programu ya PulseView, ile ya mradi wa sigrok, na ni ya bure, hulipii hata mia.

Cheki sasa. Hii bodi ni ya kuwasha pampu kwenye shamba la zabibu la jamaa wa Hombolo, kuna Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu inayoongoza kila kitu) na LCD, kioo cha maandishi cha mistari miwili. Taa ya nyuma inawaka, maandishi hamna. Multimita inasema volti 5 zipo, basi, imeishia hapo. Wengi hapa wanatupa LCD wanaagiza nyingine Kariakoo. Mi nafunga waya tatu tu, graundi kwa graundi (hiyo usiiruke, utaona takataka tupu), chaneli 0 kwenye SDA (waya wa data), chaneli 1 kwenye SCL (waya wa mapigo), naweka sampuli milioni 1 kwa sekunde, kwa I2C (mawasiliano ya hizo waya mbili) ya kilohezi 100 inatosha sana, nawasha dikoda inayotafsiri mapigo, haya twende.

Mnaona? Start, anwani 27 (namba ya heksadesimali), Write, halafu NACK, yaani hakuna jibu. Angalia mpigo wa 9 wa SCL, LCD ingekuwa imesikia ingeivuta SDA chini, lakini SDA imebaki juu, yaani Arduino inaita na hakuna anayeitika! LCD nzima kabisa, ila mgongoni ina chipu ya PCF8574A, hizi kwa kawaida zinakuja na anwani 3F, ile isiyo na A ndo 27. Nabadilisha namba kwenye kodi, napandisha upya... ACK, imeitika! Na maandishi hayo, safi kabisa.

Mapungufu yapo. Haina memori yake, data inamiminika USB moja kwa moja, kwa hiyo laptop ikiwa nzito sampuli milioni 24 kwa sekunde inakwama, shusha. Inaonyesha 0 na 1 tu, umbo la wimbi utalitafuta kwenye oskiloskopu. Na jamani, volti 12 za pampu msiguse nayo, itaungua, inaweza kuondoka na laptop.

Kwenye Windows weka draiva ya WinUSB kwa programu ya Zadig kwanza. Nyie wa CIVE, ndaki ya kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wenye projekti za mwaka wa mwisho, changeni chumba kizima mnunue moja kabla hamjanunua LCD ya pili.