Biblia ya sauti inayotumia sola: miezi mitano ya kusikiliza nyumbani Kisauni

Mama yangu alipopoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho, kilichomuumiza kuliko kushindwa kwenda kanisani peke yake ni kushindwa kusoma. Alizaliwa na kulelewa Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo cha misheni mwaka 1846, na katika nyumba ya wazazi wake Biblia ilisomwa kwa sauti kila alfajiri kabla ya mtu yeyote kushika jembe. Ndiyo sababu nilimnunulia Biblia ya sauti katika duka moja la vitabu vya dini karibu na Barabara ya Digo, kwa shilingi 3,500. Tumeitumia kila siku kwa miezi mitano sasa, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wanaofikiria kuwanunulia wazazi wao kifaa cha namna hii.

Ni kidude cha plastiki chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, spika ikiwa mbele na paneli ya sola mgongoni, na ndani yake mna kadi ndogo iliyobeba vitabu vyote 66. Kila sura ina faili lake, yaani mafaili 1,189, na kifaa hukumbuka mahali kilipoishia. Kikiwekwa juani juu ya ukuta wa uani kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, hupata chaji ya kusikiliza jioni nzima, jambo ambalo lilitufaa sana katika juma moja ambalo stima ilipotea karibu kila usiku. Kasoro zake zipo. Hewa ya chumvi imekwisha kulitia kutu tundu la chaji, kwa hiyo jua ndilo tunalolitegemea. Vitufe ni vidogo, vinafanana na havina alama yoyote ya kupapasa, ingawa watu wanaouziwa kifaa hiki wengi wao ni wazee wasioona vizuri. Nililazimika kubandika tone la gundi juu ya kitufe cha kuanzisha ili mama akitambue kwa kidole. Haiwezekani pia kuruka hadi aya fulani, na anayetaka aya ya 105 ya Zaburi ya 119, yenye aya 176, hana budi kusubiri.

Msomaji ni mwanamume mmoja, anayesoma kwa utulivu maandiko ya Toleo la Muungano la mwaka 1952, bila muziki wala vishindo vya kuigiza, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya kifaa. Mama ana lalamiko moja ambalo hajaliacha hadi leo, kwamba msomaji huyo husema "zambi" badala ya "dhambi". Wengine wataliona jambo dogo, lakini yeye ni mtu wa Pwani, na Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili katika mji huu huu wa Mombasa mwaka 1844. Nadhani mama ana haki ya kutaka neno hilo litamkwe kama walivyolitamka wazee wake.

Sikutarajia kwamba kifaa nilichomnunulia yeye kingenigusa mimi. Nimeisoma Yakobo sura ya 3 tangu nikiwa shule ya Jumapili, na kwa miaka mingi macho yangu yamekuwa yakiipita haraka kwa kuwa ninaijua. Sikio haliwezi kupita haraka. Jioni moja nilikuwa nimemkaripia mwanangu kwa sababu ya matokeo ya mtihani, nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa, na nusu saa baadaye tukiwa tumekaa meza hiyo hiyo, sauti ile ikasoma kwamba kwa ulimi huo huo twamhimidi Mungu na kwa huo twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake. Kijana alikuwa anasikia. Mimi nilikuwa nasikia naye akiniangalia. Hakuna aliyesema neno mpaka sura ilipokwisha, kisha nikamwomba msamaha mbele ya bibi yake. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia, nami nilikuwa nikidhani anawazungumzia watu wasiojua kusoma.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya nisite kukisifu kifaa hiki bila masharti. Ndani ya kadi ile, pamoja na Biblia, mmetiwa masomo 12 ya mhubiri ambaye hajatajwa jina, yote yakihusu nguvu ya maneno ya kinywa. Hayakutangazwa kwenye kisanduku, na kifaa kinapowashwa kwa mara ya kwanza huanza na masomo hayo kabla ya Mwanzo. Masomo ya mwanzo yana mema mengi: yanahimiza wazazi wawabariki watoto kwa maneno ya Hesabu sura ya 6, yanaonya juu ya masengenyo, na yanaeleza vizuri jinsi Isaka alivyoshindwa kuirudisha baraka aliyokwisha kumtamkia Yakobo. Kuanzia somo la tano mambo yanabadilika. Mhubiri anadai kwamba kama Mungu alivyosema "Iwe nuru", ndivyo muumini anavyoumba afya na mali kwa kinywa chake, na kwamba mtu akiutaja ugonjwa wake ameukaribisha.

Nimeyasikiliza masomo hayo mara mbili nikiwa na Biblia iliyofunguliwa, kwa sababu sikutaka kumhukumu mtu kwa haraka. Mhubiri anaitegemea Warumi 4:17, kuhusu kuyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako, lakini anayesemwa hapo ni Mungu, si Ibrahimu. Anaitegemea Mithali 18:21, kwamba mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, ilhali aya chache kabla yake zinazungumzia kesi, ajiteteaye kwanza na jirani anayekuja kumchunguza; na kweli, mbele ya hakimu ulimi wa shahidi unaweza kumwua mtu au kumwokoa. Anasema pia kwamba Ayubu alijiletea maafa kwa kuikiri hofu yake. Hapo nilikizima kifaa. Ayubu aliyatamka maneno ya hofu katika sura ya 3, baada ya kupoteza kila kitu, na katika sura ya 42 Mungu mwenyewe anawaambia rafiki zake kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu.

Haya si mabishano ya vitabuni tu, maana yaliingia nyumbani mwetu. Mama mmoja wa ushirika wa jirani alikuja kumtazama mama, akayasikiliza masomo yale kwa furaha, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba giza lake linaendelea kwa sababu ya kusema "sioni", na kwamba kuanzia siku hiyo akiri kwamba anaona. Alimaanisha mema, sina shaka. Lakini nilimwona mama akiinamisha kichwa kama mtu aliyeshtakiwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akamjibu, "Mwanangu, Bartimayo alipoulizwa na Bwana anataka nini, alisema nataka nipate kuona. Hakusema ninaona." Tulikuwa tumeisikiliza Marko sura ya 10 juma lile lile. Mgeni hakuwa na jibu, wakaomba pamoja, na aliporudi juma lililofuata alimletea mama samaki wa kukaanga na habari za kanisani, wala suala la kukiri halikutajwa tena.

Ninaamini kwa moyo wote kwamba neno linalotoka kinywani mwa Mkristo lina uzito, na ndiyo sababu nakataa lipewe kazi isiyo yake. Waefeso 4:29 inataka neno jema la kumfaa mwenye kuhitaji, ili liwape neema wanaosikia. Neno alilohitaji mama siku ile lilikuwa la kumfariji, naye akapewa la kumlaumu kwa jicho lake mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kinunue, lakini mwambie muuzaji akiwashe mbele yako na ukague kilichomo, na akikataa nenda duka jingine. Kama umekwisha kununua, kadi hutoka kwa urahisi, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyafuta masomo asiyoyataka bila kuigusa Biblia. Mimi nilifuta kuanzia la tano hadi la kumi na mbili na kuyaacha manne ya kwanza. Sauti ya spika inatosha chumba kimoja, feni ikiwa imewashwa unalazimika kuiongeza, na jirani zetu Waislamu hawajawahi kulalamika, labda kwa kuwa mama mwenyewe huipunguza adhana inapoanza.

Kasoro moja ya mwisho niliigundua kwa sababu yake. Kifaa hakiachi kituo kati ya sura na sura. Zaburi ya 88, ambayo mama huirudia sana siku hizi, ni kilio kitupu kinachoishia gizani, na sekunde moja baadaye ya 89 inaanza kuziimba fadhili za Bwana. Mama hapendi kuharakishwa namna hiyo. Amezoea kuweka kidole juu ya lile tone la gundi zinapokaribia aya za mwisho, na neno la mwisho likishasomwa hubonyeza, akakaa kimya kwa dakika kadhaa, kisha huomba kwa sauti, akimwambia Mungu kwamba haoni.