Bunduki nzuri, mkono wa kukoki mgumu
Nimeinunua mpya hapa Texas, muundo wa AR-15, ile ya nusu-otomatiki. Shabaha yake naipenda, ila mkono wa kukoki, ule unaovutwa nyuma ili kuingiza risasi, ulikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Muuzaji nilipompigia alisema eti utalegea wenyewe. Haya.

Nikatoa magazini, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu kwa macho na kwa kidole, ndipo nikaifungua. Tatizo lilikuwa kwenye komeo dogo la kushoto la mkono huo: grisi ya kiwandani imegandamana na vumbi la chuma. Nikafuta, nikatia tone la mafuta mepesi, sasa linaachia vizuri. Ukivuta mkono wakati nyundo ya ndani haijakokiwa, bado utatumia nguvu zaidi. Huo si ubovu, ndivyo zilivyo. Bunduki naipa nyota nne. Duka, mbili.